Twiga alipewa lini cheo cha mnyama wa taifa, na mbona kwenye Ngao hayupo?

#1 Mmachinga Msomi
Wakuu, habari za jioni. Wajuvi wa historia naomba msaada.

Tangu shule ya msingi tumekaririshwa alama za taifa letu: bendera, wimbo wa taifa, ngao, Mwenge wa Uhuru, fedha, twiga. Leo nimeikalia Ngao ya Taifa nikaitazama kipande kwa kipande. Nimeona mwenge, bendera, shoka na jembe vimepishana, mkuki, mawimbi, mlima Kilimanjaro, pembe mbili za ndovu, karafuu, pamba, bibi na bwana. Twiga hayupo hata kwato. Mnyama pekee mwenye chochote pale ni tembo, naye kaletewa pembe tu.

Nauliza: nani alimteua twiga, lini, na wakati ngao inachorwa alikuwa wapi? Msimamo wangu ni kwamba twiga alianzia mitaani akaingia vitabuni, hakuna kikao kilichompitisha. Anayepinga aje na ushahidi.

#2 Kahawa na Kashata
Nimeshavuta mkeka. Uzi huu utafika mbali.

#3 Mwalimu wa Zamu
Mkuu, nimefundisha Uraia miaka mingi na maelezo tuliyokuwa tunawapa watoto ni haya: twiga ni mpole, hana sauti, hagombani na mtu, na kwa urefu wake anaona mbali. Ndiyo Tanzania yenyewe, nchi ya amani inayoangalia mbele. Kuhusu ngao, ile ilichorwa kueleza kazi na mali ya wananchi. Twiga halimi, hachimbi, havui samaki. Angewekwa wapi?

#4 Dereva wa Kaskazini
Mwalimu, shikamoo. Hapo kwenye "mpole na hana sauti" naomba nipishane na wewe. Mimi naendesha watalii Tarangire, Manyara na Serengeti, twiga naonana naye kuliko ninavyoonana na majirani zangu.

Madume wawili wakigombea jike wanasimama ubavu kwa ubavu, mmoja anarudisha shingo nyuma kisha anaizungusha kama rungu, kichwa kinatua kwenye mbavu za mwenzake. Kile kishindo unakisikia ukiwa ndani ya gari, injini imezimwa. Na teke lake simba analiogopa, wapo simba waliovunjwa taya. Simba wenye akili wanamvizia akiwa anakunywa maji, maana pale amepanua miguu ya mbele na kichwa kipo chini, hawezi kunyanyuka haraka.

Sauti nayo anayo. Watafiti walishawarekodi twiga kwenye mabustani ya wanyama huko Ulaya wakivuma usiku, sauti nzito ya chini sana. Ndama naye akiitafuta nyama ya mama anatoa mlio. Kwa hiyo tukitaka alama ya anayenyamaza na kuvumilia kila kitu, twiga siye.

#5 Binti Sukuma
#4 "akiitafuta nyama ya mama"? Ndama wa twiga amekuwa fisi tena? 😂

#6 Dereva wa Kaskazini
#5 Maziwa ya mama, dada. Simu inaniandikia inavyotaka.

#7 Karani wa Nyaraka
Wote mnaanzia katikati. Twiga alikuwa alama ya nchi hii kabla TANU haijazaliwa.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila himaya yao ilipewa beji yake ya kuweka kwenye bendera. Tanganyika ikapewa kichwa cha twiga. Bendera ilikuwa nyekundu, kona ya juu bendera ya Uingereza, upande wa pili kichwa cha twiga. Stempu za posta za mwaka 1922 nazo zilikuwa na kichwa hichohicho, wakusanyaji wa stempu wanazijua vizuri. Kwa hiyo swali la "nani alimteua" jibu lake ni serikali ya kikoloni. Sisi tulimrithi.

Na hapo ndipo penye sababu ya kutokuwepo kwenye ngao. Mwaka 1961 nchi inapata uhuru, utachukua vipi beji ya gavana uiweke katikati ya nembo mpya? Wakaweka watu.

#8 Mmachinga Msomi
#7 Mkuu ubarikiwe, hii ya stempu sikuijua. Lakini inaniongezea swali. Kama walimkwepa kwenye ngao kwa sababu ya ukoloni, mbona kwenye fedha walimrudisha? Noti za kwanza za Benki Kuu mwaka 1966, ukiimulika kwenye mwanga, kivuli kinachotokea ni kichwa cha twiga. Waliomkataa mlangoni wakampitisha dirishani?

#9 Karani wa Nyaraka
#8 Kwenye kivuli, sawa. Lakini angalia sarafu za mwaka huohuo: senti tano samaki, senti ishirini mbuni, senti hamsini sungura, shilingi moja mkono umeshika mwenge. Sungura alipata sarafu yake mwenyewe, twiga akabaki ndani ya karatasi.

#10 Mzee wa Sumni
#9 umenikumbusha mbali. Ile sumni ya sungura! Ilikuwa ya rangi ya fedha, sungura kakaa masikio juu. Shuleni kwetu ilikuwa inatosha muhogo wa kukaanga na kachumbari, na chenji unarudishiwa. Watoto wa siku hizi hawajui hata kama kulikuwa na senti.

#11 Mwana Malindi
Salaam ndugu zetu wa upande wa pili. Hapa mwagombania twiga kana kwamba ni wenu pekee. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpeleka twiga hadi China kwa mfalme Yongle, na wale Wachina wakamwona ni yule mnyama wao wa baraka wa kwenye hadithi. Twiga alishakuwa balozi wa pwani hii karne tano kabla ya hizo stempu zenu. Tupeni heshima yetu.

#12 Binti Sukuma
#11 Balozi mlimpeleka, mkamwacha hukohuko. Ngao yenu ina simba wawili na jogoo, twiga mlimtoa zawadi mkamsahau. Sisi tumemlea.

#13 Mwana Malindi
#12 Haya, la jogoo nitalisema mwenyewe kabla hamjalileta. Yule jogoo mwenye shoka kwenye ngao ya Kenya alikuwa alama ya KANU. KANU ikatoka madarakani mwaka 2002, jogoo akabaki kwenye ngao, pasipoti na kila barua ya serikali. Kuna Wakenya hadi leo wasemao aondolewe, na kuna wasemao ameshakuwa wa wote. Mie niko kwa hao wa pili. Alama ikikaa mikononi mwa watu muda mrefu, aliyeianzisha hana mamlaka nayo tena. Na twiga wenu ni vivyo hivyo, hata kama alianza na gavana.

#14 Mtoto wa Kenya Hotel, L'shi
Jambo bandugu. Sisi huku Kongo tunaijua hii shida. Chui alikuwa wa Mobutu, kofia yake mnaikumbuka. Timu ya taifa ikaitwa Chui. Mzee Kabila alipoingia 1997, timu ikawa Simba. Mwaka 2006 chui akarudi kwenye nembo ya nchi, kichwa chake katikati ya pembe ya tembo na mkuki, na timu ikarudia jina lake. Kwa miaka yote ile, watu kiwanjani hawakuacha kuita Chui. Serikali inaandika, watu wanaita.

#15 Nahodha wa Wete
Assalaam alaikum. Mie nauliza swali ambalo Wabara hamuliulizi kamwe. Twiga ni mnyama wa taifa la Tanzania. Pemba yuko wapi? Unguja yuko wapi? Babu yangu kafa hajamuona twiga ila kwenye noti. Mimi wa kwanza nilimuona Mikumi nikiwa ndani ya basi kwenda Iringa, nikasimama kwenye kiti nikapigwa kelele na kondakta.

Ndiyo maana kwangu ngao ina haki kuliko twiga. Mle ndani yule bwana miguuni ana karafuu, bibi ana pamba. Karafuu ni sisi. Mawimbi ni sisi na nyinyi. Mwenye kuchora alikumbuka kuwa nchi ni mbili zilizoungana. Twiga ni alama ya Tanganyika, na #7 keshatuthibitishia kwa stempu.

#16 Mzalendo Kigamboni
#15 Nahodha tusianze kupasua muungano kwenye uzi wa twiga. Kilimanjaro nao uko Bara, mbona hulalamiki?

#17 Nahodha wa Wete
#16 Sijapasua kitu. Bendera yenyewe iliunganishwa kwa adabu: kijani, nyeusi na dhahabu ya Tanganyika ikakutana na buluu, nyeusi na kijani ya Zanzibar, ukanda mweusi ukapita katikati kwa mshazari. Kila mmoja akijitazama anajiona. Nataka alama zote ziwe hivyo. Na Zanzibar tangu 2005 tuna bendera yetu ambayo ile ya Muungano imo ndani yake kwenye kona, kwa hiyo msiniambie sisi hatujui kuungana.

#18 Mwalimu wa Zamu
Nahodha ana hoja. Watoto darasani wakiuliza "Zanzibar wana mnyama gani?" mimi nilikuwa nataja kima punju, kwa kuwa hapatikani popote duniani ila Unguja na visiwa vyake.

#19 Nahodha wa Wete
#18 Ahsante mwalimu, lakini Pemba kima punju wa asili hatuna, sisi tuna popo wetu wakubwa. Alama ya Mzanzibari ni karafuu na bahari. Wanyama tuwaachie msituni.

#20 Fundi Saa Kariakoo
Mimi napinga maelezo ya ukoloni yanavyotumika. Hebu zungukeni majirani. Kenya ngao imeshikwa na simba wawili. Uganda imeshikwa na swala na korongo. Ni desturi ya Wazungu, ngao lazima ishikwe na wanyama, Uingereza kwenyewe ni simba na yule farasi mwenye pembe moja. Tanzania ikasema hapana, ngao yetu itashikwa na binadamu, mwanamke na mwanamume, wote wamesimama sawa, chini yao maneno "Uhuru na Umoja". Hawakumsahau twiga, waliamua kuwa nchi inashikiliwa na watu. Huo ndio ulikuwa msimamo wa Mwalimu kabla hata ya Azimio la Arusha. Mimi nikiingia mahakamani nikaiona ile bibi na bwana ukutani juu ya kiti cha hakimu, najua pale mwenye nchi ni nani.

#21 Karani wa Nyaraka
#20 Nakubaliana na wewe kuhusu watu kushika ngao, ni jambo la kujivunia kweli. Ila hilo halipingani na nililosema. Kuweka watu ni kumwondoa mnyama wa gavana kwa njia iliyo bora.

#22 Fundi Saa Kariakoo
#21 Hapana. Wewe unasema walikimbia kitu, mimi nasema walichagua kitu. Tofauti ni kubwa.

#23 Binti Sukuma
Mnapozungumzia ngao mnamsahau aliyeishika kalamu. Mzee Francis Kanyasu, Mzee Ngosha, alisema ndiye aliyeichora. Alikuwa anaishi Buguruni kwenye chumba, mgonjwa, mpaka vyombo vya habari vikamtoa. Akafariki Muhimbili mwezi Mei 2017. Mtu wa nembo inayogongwa kwenye kila cheti cha kuzaliwa nchi hii! Mimi niliumia sana siku ile.

#24 Kamba Mbili
#23 Hilo la Mzee Ngosha lina ubishi. Limetajwa pia jina la Mzee Jeremiah Kabati wa Mwanza, na wapo wanaosema ilikuwa kazi ya watu kadhaa, mmoja alianza mchoro, wengine wakakamilisha.

#25 Binti Sukuma
#24 Iwe mmoja au watatu, wote ni wazee wetu. Serikali ingeandika majina yao yote kwenye kitabu cha darasa la nne ingepungukiwa nini? Tunawakaririsha watoto maana ya shoka na jembe, aliyevichora hatajwi.

#26 Kamba Mbili
#25 Hapo nakuunga mkono.

#27 Mzalendo Kigamboni
Turudi kwa twiga. Mimi naona jibu liko angani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la ndege la pamoja likafa, tukaanzisha Air Tanzania, nembo ni twiga. Kuanzia hapo mtu wa kawaida akiona twiga anaona nchi yake. Timu ya wanawake ikaitwa Twiga Stars, mwaka 2010 wakafika fainali za Afrika kule Afrika Kusini. Saruji ya Twiga ndiyo imejenga nusu ya nyumba za Dar. Cheo hajapewa na mtu, amekipata kazini.

#28 Jicho la Kijiji
#27 Umetaja twiga na angani na mwaka 2010 kwa pamoja, hujakumbuka kitu? Mwaka huohuo wanyama hai, twiga wakiwemo, walipakiwa kwenye ndege uwanja wa KIA wakapelekwa Qatar. Ikawa hoja bungeni, na mtaani ikawa msemo: nchi ambayo twiga anapanda ndege. Mnyama ambaye mwananchi akimgusa anafungwa, mnyama wa kwenye vitabu vya watoto, mrefu kiasi kile, akapita getini hakuna aliyemwona. Mpaka leo nikiona twiga kwenye mkia wa ndege yetu nafurahi, kisha nakumbuka wale wengine.

Kama angekuwa na hadhi ya kisheria kama bendera, pengine waliohusika wangeogopa. Sheria ya Nembo za Taifa ya 1971 inashughulika na bendera na ngao. Twiga analindwa kama wanyamapori wengine tu.

#29 Dereva wa Kaskazini
#28 Umegusa penyewe. Wazungu nikiwaambia huyu ni mnyama wetu wa taifa wanauliza, "kwa hiyo mko naye wengi?" Naishia kuwaeleza kuwa twiga wa Kimasai, huyu wetu mwenye madoa ya kama jani la mzabibu, tangu 2019 yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Anauawa kwa nyama, kuna mahali anauawa kwa mkia, na malisho yanakatwa na mashamba. Ananiuma. Dume mzee akikolea rangi, madoa yanakuwa meusi kabisa, anatembea peke yake, anavuta majani ya juu ya mgunga ambayo jike hafikii. Ukimwona yule huulizi nani alimteua.

#30 Mmachinga Msomi
#29 Mkuu umeandika vizuri sana. Lakini swali langu #1 bado liko palepale. Tumepata ukoloni (#7), amani (#3), ndege (#27), na nadharia ya Fundi kwamba aliachwa kwa makusudi (#20). Tangazo halijaonekana.

#31 Kahawa na Kashata
Kahawa ya pili hii. Mbona hakuna aliyegusa Mwenge? Ule ndio alama halisi ya nchi hii. Mwalimu aliusema mwaka 1959 kwamba tuuwashe tuuweke juu ya Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka yetu, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akausimamisha kileleni. Alama yenye tarehe, mahali na mtu. Hakuna haja ya kubishana.

#32 Jicho la Kijiji
#31 Kubishana kupo. Kwetu mwaka mmoja tulichangishwa kwa ajili ya Mwenge na zahanati haina dawa. Naheshimu maana yake, mbio za kila mwaka ndizo zinanishinda.

#33 Mzee wa Sumni
#32 Sikiliza mwanangu. Mwenge ukipita ndipo barabara inachongwa na mradi uliokwama unamaliziwa usiku. Bila Mwenge ule mradi ungekaa miaka. Mimi nimekesha nao uwanjani nikiwa kijana, umati wa wilaya nzima, na asubuhi tukausindikiza hadi mpakani. Ukiuondoa huo, kijiji kinaiona wapi serikali ikija kwa ngoma?

#34 Jicho la Kijiji
#33 Shikamoo mzee. Nimekuelewa, ila barabara ichongwe hata Mwenge usipopita.

#35 Mama Kanga
Nyie wanaume mmemaliza wanyama na moto, hakuna aliyetaja kanga. Kila baada ya miaka kadhaa tunasikia kamati ya vazi la taifa, michoro inatolewa, maonyesho yanafanyika, kimya. Vazi lenyewe lipo. Mtoto anazaliwa anapokelewa na kanga, harusi kanga, msiba kanga, mwenge ukipita wanawake wote wamejifunga kanga. Bara ipo, Pemba ipo, Nahodha hatalalamika.

#36 Nahodha wa Wete
#35 Hapo silalamiki, kanga ni kwetu hasa. Ila mwanamme avae nini? Mtamfunga kanga bungeni?

#37 Mama Kanga
#36 Kikoi kimekufa?

#38 Mwana Malindi
#37 Kikoi nacho mwataka kukichukua? Twiga mmechukua, sasa kikoi!

#39 Mwalimu wa Zamu
Nimefungua kabati nikaangalia noti zangu kuukuu. Noti ya elfu kumi ya 2003, ya tembo, ukiimulika dirishani twiga anatokea pembeni, shingo na masikio. Toleo la 2011 akaondolewa, akawekwa kivuli cha Mwalimu Nyerere. Na zile za zamani Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko, mwisho wa kubadilisha ilikuwa tarehe 5 Aprili 2025. Kwa hiyo, Mmachinga, fedha inayotumika leo sokoni ina simba, ina kifaru, ina tembo, sarafu ya mia tano ina nyati. Twiga ametoka kabisa na hakuna aliyetangaza. Nasikitika hata wakati naandika hapa.

#40 Karani wa Nyaraka
#39 Hii ni kubwa kuliko mnavyodhani. Alikaa ndani ya noti tangu 1966 na ameondoka kimya kama alivyoingia. Mwenye noti ya shilingi mia ya 1966 humu, naomba aimulike kwenye taa apige picha pande zote mbili atuwekee. Nataka kulinganisha kichwa kile na cha stempu ya 1922. Kama ni mchoro mmoja, nadharia ya #7 imesimama.

#41 Fundi Saa Kariakoo
#40 Hata kikiwa kimoja, hiyo itathibitisha mchoraji alinakili. Haitathibitisha waliokaa mezani waliamua nini. Noti mjomba wangu wa Tanga anazo, nitamwomba wikiendi hii.

#42 Mzee wa Sumni
Fundi, ukienda kwa mjomba muulize kama ana sumni ya sungura. Nainunua.